Kitambaa hiki ni cha nini? Pima nyuzi kabla ya mkasi, pasi na rangi

Muuza vitambaa wa Eastleigh atakuapia kwamba ni pamba tupu, na koti la mtumba la Gikomba mara nyingi lebo yake ilishakatwa zamani. Usibishane na mtu. Nyuzi chache, moto kidogo na Jik vitakujibu. Mimi hupima kila kitambaa nisichokijua kabla ya kukikata, na hasa kabla ya kukitia rangi.

Andaa kibano cha chuma, mshumaa, kifuniko cha sufuria, beseni la maji na vyombo viwili vya kioo. Fanyia nje au penye hewa ya kutosha.

1. Chomoa nyuzi

Usichome kipande kizima. Chomoa nyuzi za urefu, weka kando. Chomoa za upana, weka kando. Kuna viwanda vinavyosuka pamba kwa urefu na polista kwa upana, na usipozitenganisha moto utakuchanganya.

2. Moto

Shika uzi kwa kibano, uusogeze polepole ubavuni mwa mwali. Tazama unavyofanya kabla haujaguswa, ukiwa ndani ya moto, na ukishautoa.

Pamba hushika moto mara moja, huendelea kuungua ukiitoa, hunuka karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Si ajabu: pamba na karatasi zote ni selulosi, yaani minyororo mirefu ya glukosi. Kitani ni vivyo hivyo.

Sufu hujikunja ikikwepa mwali, huzimika yenyewe, na harufu yake ni ya nywele zilizoungua. Ni keratini, protini ileile ya nywele na kucha, yenye salfa ndani yake. Hariri nayo ni protini, kwa hiyo hufanana na sufu ila harufu yake ni hafifu.

Polista haingoji kuungua. Hunywea, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha tone gumu lisilosagika. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 250 hadi 260 hivi za Selsiasi, na ndiyo maana pasi kali huiachia mng'ao usiotoka. Nailoni pia huyeyuka. Matone haya hunata kwenye ngozi na kuunguza vibaya, kwa hiyo yaangukie kwenye kifuniko.

Akriliki, ile ya sweta nyingi za shule, huwaka kwa fujo. Moshi wake una sianidi, kwa hiyo choma uzi mmoja tu na usiinamie kunusa.

Majivu yakipoa, yasugue kati ya vidole. Yakiwa laini lakini ndani unahisi chembe ngumu kama mchanga, hiyo ni pamba iliyosokotwa pamoja na polista. Shati nyingi zinazouzwa kama pamba tupu hukamatwa hapa.

3. Maji

Viskosi, uzi wa kiwandani unaotokana na miti, nayo ni selulosi, hivyo moto hauwezi kuitofautisha na pamba. Lowesha uzi katikati tu, kisha uvute ncha zote mbili. Viskosi hupoteza nguvu ikilowa na hukatika palepale penye maji. Pamba huzidi kuwa imara.

4. Jik

Kwa suti inayosemekana ni ya sufu, naamini Jik kuliko pua yangu. Tumbukiza nyuzi kwenye Jik isiyochanganywa na maji, uache nusu saa. Hipokloriti iliyo ndani ya Jik hukatakata minyororo ya protini, hivyo sufu na hariri hutoa vipovu na kuyeyuka kabisa. Kinachobaki ni kile ulichouziwa kwa bei ya sufu. Usichanganye Jik na siki wala asidi yoyote, maana itatoa gesi ya klorini.

5. Asetoni

Hii ni ya bitana zinazong'aa. Zima mshumaa kwanza. Asetati, uzi wa kiwandani unaong'aa kama hariri, hulainika na kuyeyuka ndani ya asetoni, polista haishtuki. Soma chupa, kwa sababu dawa nyingine za kuondoa rangi ya kucha hazina asetoni.

6. Sasa rangi

Pamba na viskosi hupokea rangi za kuungana na selulosi, mradi uongeze sodiamu kaboneti, madini yanayotoka Ziwa Magadi. Bila hiyo rangi haishiki, itatoka na maji ya kusuuza. Polista haina nafasi ya kushika rangi hizo. Inataka rangi zake maalumu na joto kali, kwa hiyo mteja akikuletea gauni la polista nyumbani, nawe una sufuria ya kawaida tu, mwambie ukweli mapema. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu utatoka umepauka, kwa sababu ni pamba pekee iliyokunywa rangi.

Sufu ipe rangi za asidi, siki kidogo, na joto linalopanda taratibu. Sodiamu kaboneti usiisogeze karibu nayo, maana alkali hula protini, na koti litatoka gumu na limenywea.