Karoti ya dawa huanzia shambani

Ukifika soko la Virunga hapa Goma, mwombe mama muuzaji akukatie karoti moja katikati, kisha utazame moyo wake. Ukiwa na rangi ya chungwa hadi ndani, nunua. Ukiwa mgumu kama kijiti, ujue ilikaa ardhini kupita muda wake. Rangi hiyo ndiyo dawa: ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mtoto anayekosa vitamini hiyo huanza kujikwaa jua likizama. Mpikie karoti kwa mafuta kidogo, maana bila mafuta karotini nyingi hupita tu tumboni. Mawese yanafaa zaidi, yana karotini yake.

Matumizi ya kale ni mengi. Huko Ulaya waliikwangua mbichi na kuibandika kwenye vidonda; hilo silishauri, kidonda ni cha kusafishwa na kufunikwa. La kuhara lina uzito zaidi. Mwaka 1908 daktari wa watoto Ernst Moro, huko Ujerumani, aliandika kuhusu supu yake: nusu kilo ya karoti, maji lita moja, ichemke saa nzima au zaidi, ipondwe, maji yaongezwe ifike lita tena, na chumvi gramu 3. Hata hivyo, mtoto anayehara apewe kwanza maji ya chumvichumvi ya ORS na apelekwe kituo cha afya.

Sasa shamba. Udongo mwepesi wa volkano kama wa Kibumba unaipendeza karoti, ila okota mawe. Panda mbegu moja kwa moja, kina cha sentimita 1, mistari iachane sentimita 20 au 25. Miche ikiota punguza, ibaki nafasi ya vidole vitatu. Msimu wangu wa kwanza nilimwaga samadi mbichi ya ng'ombe, nikavuna karoti zenye miguu mitatu. Hata watoto walizicheka. Tumia iliyooza vizuri. Mabega yakichungulia juu, yafukie, la sivyo yatageuka kijani na kuwa machungu.

Ng'oa baada ya miezi mitatu hivi. Kwenye baridi ngoja kidogo. Usioshe kwenye dimbwi la barabarani. Kipindupindu tunakijua mji huu, na karoti wengi huila mbichi. Majani yakate hapo hapo shambani, yasije yakanyonya maji ya mzizi ukafika sokoni umelegea.