Kabla hujashika maiki: mambo ya kuzingatia ili maneno yasikukimbie

Umepewa nafasi ya kuongea kwenye sendofu au harusi. Kula kidogo. Nenda chooni mapema. Chaji simu, lakini hotuba usiisomee humo: utakuwa katikati ya nasaha, apige mgeni anayeuliza ukumbi uko wapi. Tumia karatasi, herufi kubwa, wino mweusi, maana taa za rangi za ukumbini hazimwonei huruma mtu.

Majina andika yote, hata la mkweo. Jina hupotea kirahisi kwa sababu halina picha. Ukisikia "fundi cherehani" unaona cherehani. Ukisikia "Bwana Mrisho" huoni kitu.

Sasa hili la kukariri, tulia hapa. Nimekaa kamati za harusi kuanzia Temeke mpaka Tegeta, na nililoliona kwenye sendofu moja Sinza silitaki kwa adui yangu. Baba mkubwa wa bibi harusi alikuwa ameikariri hotuba nzima, neno kwa neno. Karatasi akaiacha nyumbani makusudi. Akaanza kwa itifaki, sauti nzito, watu wametulia. Alipofika kwenye nasaha kwa binti, kina mama wakapiga vigelegele, DJ akadhani ni zamu yake akaachia wimbo, mashangazi wakainuka kwenda kutunza. Muziki uliposhushwa mzee akasema, "Kama nilivyosema..." Kimya. Akarudi mwanzo: "Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati..." Watu wakacheka, wakidhani anatania. Alipofika palepale, akakwama tena, akarudisha maiki kwa MC na kwenda kukaa. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya kuwashukuru wakwe. Hawakushukuriwa, na upande wa pili ulinuna hadi siku ya harusi.

Wengine walisema ni uzee. Si uzee. Maneno ya kukariri hufungana kama mabehewa ya treni: moja likikatika, yaliyo nyuma hayana wa kuyavuta. Na woga ukipanda, homoni za msongo huzuia ubongo kutoa kile ambacho tayari kimo ndani. Ndiyo maana ukishakaa kitini yote yanarudi, tena kwa ufasaha wa kuudhi.

Halafu usiseme wewe ni msomi. Tarehe 20 Januari 2009 Jaji Mkuu wa Marekani, John Roberts, alimwapisha Barack Obama kwa kichwa. Kiapo chote kina maneno 35. Obama akadakia kabla sentensi haijaisha, jaji akapoteza mpangilio, neno moja likahama mahali pake. Kesho yake wakarudia kiapo Ikulu.

Kwa hiyo igawe hotuba vipande vinne, na kila kipande kiwe na sentensi yake ya kuanzia kwenye karatasi. Kisha fanya mazoezi ya kuanzia katikati: leo kipande cha tatu kwanza, kesho cha mwisho. Wapiga piano wazuri hujiwekea vituo vya namna hiyo ndani ya muziki, ili wakiteleza waruke kwenye kituo kinachofuata badala ya kurudi mwanzo. Fanya mazoezi umesimama, kwa sauti, na mwambie mtoto wa nyumbani akukatishe. Na DJ mwambie mapema: asiguse kitu mpaka MC ampe ishara.

Mengine ni ya kawaida, lakini ndiyo yanayoharibu siku. Pete zikae kwa mtu mmoja ambaye hatabadilisha koti. Pesa ya mwenye ukumbi isiachwe kwenye gari la kukodi. Ukizima gesi sema kwa sauti "nimezima", la sivyo wasiwasi utakukuta kwenye foleni ya Ubungo. Chomoa pasi. Umeme wa LUKU nunua jana yake. Ukipanda mwendokasi na zawadi mkononi, geuka uangalie kiti kabla ya kushuka.