Fedha na kamati ya shule ya msingi kijijini: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa mwalimu mkuu mpya

Mwongozo huu ni wa mwalimu aliyepewa barua ya kuwa mwalimu mkuu wa shule ndogo ya serikali kijijini, hapa Tanzania: shule isiyo na mhasibu wala karani, na mtandao unashika upande mmoja tu wa uwanja. Nimeuandika baada ya kukaa na mwenzangu wa kata jirani ambaye vitabu vyake viligoma kukubaliana na benki. Hakuwa ameiba hata shilingi, lakini karatasi zake zilimsema vibaya. Walimu wengi waaminifu wanaingia kwenye hoja za ukaguzi kwa njia hiyohiyo, na inaniuma, kwa sababu mtu anayeweza kumfundisha mtoto wa darasa la kwanza kusoma, haya ya fedha anayaweza kabisa. Hajaonyeshwa tu.

Hatua ya 1: Makabidhiano

Usisaini hati ya makabidhiano kabla hujaona daftari la fedha limefungwa kwa bakaa (salio) ya siku hiyo, taarifa ya benki ya tarehe hiyohiyo, vitabu vya stakabadhi ambavyo havijatumika (andika namba ya mwanzo na ya mwisho), leja ya stoo, rejesta ya mali na daftari la mihtasari ya kamati. Hesabu madawati mwenyewe. Uliza madeni kwa sauti, mwenyekiti wa kamati akiwepo: mlinzi anadai? Mpishi je? Dukani kuna chaki zilizokopwa? Deni lisiloandikwa siku hiyo litakuwa lako.

Wiki hiyohiyo anza kubadilisha watia saini benki. Barua ya halmashauri na muhtasari wa kamati vinachukua muda kuzunguka, na shule haisubiri.

Hatua ya 2: Kamati iwe hai, si majina ukutani

Kamati ya shule imewekwa na Sheria ya Elimu ya 1978. Ndani yake kuna wazazi waliochaguliwa, mwakilishi wa walimu na mwakilishi wa serikali ya kijiji, na wewe ni katibu. Katibu maana yake unaandaa ajenda na kuandika muhtasari. Wanaoamua ni kamati. Mwalimu mkuu anayeamua peke yake halafu akapeleka karatasi nyumbani kwa mwenyekiti isainiwe jioni hana kamati, na mkaguzi akiwauliza wajumbe swali moja tu atalijua hilo.

Tumia daftari la jalada gumu, kurasa zimepigwa namba, uandike kwa wino. Sipendi mihtasari ya kuchapwa kwenye karatasi moja moja, kwa sababu karatasi huchomolewa na kuchomekwa nyingine. Waliohudhuria wasaini wenyewe, na akidi (idadi ya wajumbe inayotosha kuamua) itajwe. Kiasi cha fedha kilichoidhinishwa kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na matumizi yake yatajwe. Neno "matumizi mengineyo" lisionekane.

Halafu wasemeshe wajumbe kwa vitu wanavyovijua. Ukimwambia mkulima kwamba kasma (fungu la bajeti) ya vifaa imetengewa asilimia fulani, atakutazama tu. Mwambie boksi za chaki ni ngapi, rimu za karatasi ngapi, bei ya moja ni kiasi gani mjini. Hapo atakuambia kwamba duka la karibu na stendi linauza nafuu, na atakuwa sahihi.

Hatua ya 3: Ijue ruzuku yako kabla haijafika

Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi imehesabiwa kwa Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, Sh 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu vinavyonunuliwa kwa pamoja, na Sh 6,000 huja moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kwa hiyo kila mtoto ni Sh 500 kwa mwezi. Shule yenye wanafunzi 384 itegemee Sh 192,000 kwa mwezi, yaani Sh 2,304,000 kwa mwaka. Ndogo? Ndiyo, ni ndogo. Ndiyo maana kila shilingi iwe na karatasi yake.

Idadi ya wanafunzi ndiyo mzizi wa kila kitu hapa. Takwimu za shule za kila mwaka huchukuliwa kwa hali ya Machi 31, na zikienda na makosa, fedha itakuja na makosa. Hakiki rejesta za mahudhurio darasa kwa darasa na walimu wa madarasa kabla hujasaini fomu. Waliohama watolewe, waliohamia waingizwe. Usiache jina la mtoto aliyehama miaka miwili iliyopita kwa huruma ya kuongeza ruzuku. Huyo anaitwa mwanafunzi hewa, na atakugharimu.

Sasa kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, wakati mwaka wa masomo ni Januari hadi Desemba. Bajeti unayoipitisha kwenye kamati inabeba nusu ya pili ya mwaka huu wa masomo na nusu ya kwanza ya mwaka ujao. Mitihani ya majaribio ya darasa la saba iko upande wa Julai. Madaftari na rejesta mpya ziko upande wa Januari. Ukipanga kwa kalenda ya shule peke yake, Juni utakuta kasma moja ina salio na nyingine imekauka. Fuata mgawanyo wa asilimia uliomo kwenye waraka wa elimu bila malipo (Na. 3 wa 2016) na maelekezo ya halmashauri yaliyofuata. Fedha za miradi kama BOOST, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya awali na msingi, zina kazi zake: haziguswi kwa chaki, hata kama chaki zimekwisha na fedha ipo.

Hatua ya 4: Kununua

Ununuzi wa umma umehamia kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa mtandaoni wa serikali, tangu 2023, na sheria mpya ya ununuzi ni Na. 10 ya mwaka huohuo. Pitia kitengo cha manunuzi cha halmashauri kabla ya kununua chochote kikubwa. Anayenunua asiwe anayepokea. Kamati ya mapokezi ihesabu mzigo na kusaini. Dai risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) kabla fedha haijatoka.

Tarehe zifuatane: muhtasari, bei za kulinganisha, ankara, mapokezi, hati ya malipo, risiti. Hati ya malipo yenye tarehe iliyotangulia muhtasari ni hoja ya ukaguzi hata kama ulinunua kwa bei nzuri kuliko wote wilayani.

Hatua ya 5: Usuluhisho wa benki

Hapa ndipo tulipokesha mimi na mwenzangu yule wa kata jirani. Hatua nyingine unaweza kuzirekebisha baadaye kwa barua. Hii ukiiacha miezi mitatu, huioni tena njia.

Usuluhisho ni kueleza kwa nini salio la daftari lako la fedha na salio la benki si sawa. Mara nyingi hayatakuwa sawa, na hilo si kosa. Kosa ni kushindwa kueleza. Fanya kila mwezi, siku tano za mwanzo wa mwezi unaofuata.

Chukua mfano wa shule yetu ya wanafunzi 384. Mwisho wa Septemba taarifa ya benki inasema Sh 668,000, na daftari linasema Sh 395,000. Tofauti ni Sh 273,000, na mwalimu mpya hapo moyo unamwenda mbio. Tulia, weka tiki kwa penseli kwenye kila mstari unaoonekana pande zote mbili. Kisha tazama kilichobaki bila tiki.

Benki ina ruzuku ya Sh 192,000 iliyoingia tarehe 29 ambayo hukuiandika, na makato ya Sh 3,000. Daftari linakuwa 395,000 + 192,000 − 3,000 = 584,000. Upande wa pili, daftari lina malipo ya Sh 84,000 kwa muuza vifaa ambayo bado hayajatoka benki: 668,000 − 84,000 = 584,000. Zimekutana. Andika karatasi hiyo, saini, mwenyekiti asaini, ambatisha taarifa ya benki. Ruzuku na makato viingie kwenye daftari. Zile 84,000 usiziguse, zinasubiri upande wa benki.

Hiyo ndiyo njia ikiwa nyoofu. Sasa mambo yanayoipinda.

Ruzuku ya miezi miwili inaweza kuingia kwa mkupuo. Usiiandike kama mwezi mmoja uliozidi. Gawanya kwa Sh 500, uone inalingana na wanafunzi wangapi. Ikiwa namba inakaribia maradufu ya wanafunzi wako, ni miezi miwili. Ikiwa haifanani na chochote, usitumie. Piga simu kwa mhasibu wa halmashauri, kisha andika barua, kwa sababu simu haikaguliwi.

Malipo yanaweza kurudi. Jina la akaunti ya muuzaji likitofautiana hata herufi moja na ulilojaza, benki hurudisha fedha, na kwenye taarifa utaona kiasi kilekile kimetoka na kuingia tena. Hayo si mapato mapya. Yaandike kama malipo yaliyorudi, la sivyo utakuwa umejiongezea mapato ya hewa.

Kuna kanuni ya zamani ya wahasibu: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, huenda umegeuza tarakimu, umeandika 54,000 badala ya 45,000. Ikigawanyika kwa 2, huenda nusu yake imeandikwa upande usio wake. Ni kanuni nzuri na ninaitumia, lakini ni ya kukuelekeza pa kutazama kwanza, basi. Kwa mwenzangu tofauti ilikuwa Sh 6,840. Inagawanyika kwa 9, inagawanyika kwa 2. Tulizikimbiza tarakimu zilizogeuzwa daftari zima, mstari kwa mstari, hadi taa ya sola ikafifia, na hazikuwepo.

Ilikuwa kodi ya zuio. Shule ya serikali inaponunua bidhaa inapaswa kukata asilimia 2 ya bei bila VAT (kodi ya ongezeko la thamani) na kuipeleka TRA, Mamlaka ya Mapato, na kwa huduma kama fundi ni asilimia 5. Alikuwa amenunua mara tatu, Sh 150,000, Sh 112,000 na Sh 80,000, jumla Sh 342,000 kutoka kwa wauzaji wasio na VAT. Daftari lilionyesha kiasi kamili kimetoka. Benki ilionyesha muuzaji amelipwa pungufu ya asilimia 2, na kodi yenyewe ilikuwa haijapelekwa. Asilimia 2 ya 342,000 ni 6,840. Fedha ilikuwepo benki muda wote, na ilikuwa ya TRA.

Tangu siku hiyo nashauri hivi: kila malipo yaandikwe mistari miwili kwenye daftari, mmoja wa muuzaji na mmoja wa kodi, hata kama ni Sh 1,600. Omba namba ya malipo mapema, lipa kodi hiyo mapema, hifadhi cheti cha zuio pamoja na hati ya malipo. Na ukikuta tofauti ndogo isiyo ya duara, kabla ya kugawanya kwa 9, zidisha kwa 50. Ukipata jumla ya manunuzi ya bidhaa unayoyafahamu, umemaliza.

Jambo la mwisho kwenye hatua hii: mfumo wa FFARS, wa kielektroniki wa kutunza hesabu za shule na vituo vya huduma, upo tangu 2017 na lazima ujazwe, lakini usiache daftari la mkono. Najua wenzangu vijana wanapenda kuandaa kila kitu kwenye Excel. Simu ikidondoka mtoni, au mtandao ukikatika wiki ya kufunga hesabu, daftari lipo kabatini. Ukikosea usifute, kata mstari mmoja, andika sahihi juu, weka saini.

Hatua ya 6: Michango, chakula na shamba la elimu ya kujitegemea (EK)

Usishike fedha ya mzazi mkononi. Baada ya katazo la Rais Magufuli la Januari 2018 kuhusu michango shuleni, mwalimu mkuu anayekusanya anajiweka pabaya, hata wazazi wakiwa wameafiki kwa moyo wote. Mahindi na maharage ya chakula cha watoto yaamuliwe kwenye mkutano wa wazazi, yasimamiwe na kamati pamoja na serikali ya kijiji, yapimwe kwa debe mbele ya wajumbe na kuingia kwenye leja ya stoo. Mtoto ambaye kwao hawajatoa asirudishwe nyumbani.

Mavuno ya shamba la elimu ya kujitegemea ni mapato ya shule: gunia likiuzwa, stakabadhi ikatwe na fedha iende benki nzima kabla haijatumika. Kutoa nauli humo kwanza "ili nirudishe" ndiko kunakoharibu shule nyingi ndogo.

Hatua ya 7: Ubao na jalada

Kila robo mwaka bandika mapato, matumizi na salio kwenye ubao wa matangazo, na nakala nyingine ofisi ya kijiji. Herufi kubwa, ukurasa mmoja.

Jalada la mkaguzi lipange kwa mwezi: taarifa ya benki juu, usuluhisho chini yake, kisha hati za malipo kwa namba, kila moja na muhtasari wake, ankara, mapokezi, risiti na cheti cha zuio. Wakija wakaguzi wa ndani au wa CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali), wape jalada, wape meza, na mwenyekiti awe karibu. Hoja ikiandikwa, ijibu kwa maandishi ndani ya muda uliopewa, ambatisha nakala, na hati halisi zibaki kabatini.