Kabla hujatoka peke yako na baiskeli kwenye barabara za mizabibu za Napa na Sonoma, mabonde ya mvinyo kule California, Marekani

Anza na njia, na usiichague kwa ramani ya magari maana itakutupa Highway 29, ambayo ndo barabara kuu ya bonde la Napa na imejaa watalii wanaokata kona ghafla kila wakiona kibao cha mvinyo. Upande wa mashariki kuna Silverado Trail, inaenda sambamba nayo kutoka Napa mpaka Calistoga, karibu maili 29 (kama kilomita 47 hivi), na pembeni ina nafasi nzuri ya baiskeli, ila magari yanakimbia kwa hiyo usilale. Utulivu wenyewe uko Sonoma, West Dry Creek Road karibu na mji wa Healdsburg, nyembamba, lami ina viraka, mizabibu kulia na kushoto. Mi ningekushauri uanzie hapo. Kuvuka kutoka bonde moja kwenda lingine kwa Oakville Grade na Trinity Road achana nako kwanza, ule mlima ni mkali kupanda na kona zake kushuka zinataka breki nzima na mtu ambaye hajachoka.

Halafu muda. Asubuhi kuna ukungu na baridi, mchana kiangazi unaweza kukuta nyuzi 35 na kuendelea, hasa ukipanda juu kuelekea Calistoga, kwahiyo vaa nguo unazoweza kuvua na kukunja mfukoni, na toka mapema kweli. Mavuno ni Agosti mpaka Oktoba na kipindi hicho malori na matrekta ya zabibu yanaanza kazi usiku, ukitoka alfajiri unakutana nayo, taa ya mbele na ya nyuma ziwake hata kama kumeshapambazuka. Miezi hiyohiyo ndo ya moto wa nyika, ule wa Oktoba 2017 uliteketeza mpaka mitaa ya mji wa Santa Rosa, sasa ukiona tahadhari ya Red Flag (onyo kwamba hali ya hewa inaweza kueneza moto haraka) imetolewa, ahirisha tu, mtu wa baiskeli hana namna ya kushindana na moto unaosukumwa na upepo.

Maji beba chupa mbili kubwa, na piga hesabu ya chupa moja kwa saa jua likiwa kali. Watu wengi wanadhani kwa vile kuna shamba la mvinyo kila baada ya hatua mbili basi chakula na maji si shida, kumbe mengi yanapokea mgeni aliyeweka miadi tu na hayauzi chakula, kwahiyo beba chako na weka alama kwenye ramani kila duka utakalopita.

Sasa pancha, hapa naomba unisikilize vizuri. Pembeni mwa barabara hizi kuna mbigiri, zile mbegu zenye miiba, na ukipata pancha ukabadilisha tyubu haraka haraka bila kukagua, mwiba unakuwa bado umo kwenye tairi na ile tyubu mpya inatoboka hapohapo. Pitisha vidole ndani ya tairi taratibu mzunguko mzima, ukihisi kitu kinachoma kisukumie nje, ndo uweke tyubu. Beba tyubu mbili, viraka na solusheni, pampu, vile vijiti vya kubandulia tairi, na spana zinazoingia kwenye nati za baiskeli YAKO. Fanya zoezi nyumbani, toa tairi la nyuma ulirudishe na cheni ikae sawa, maana ukiwa peke yako hakuna wa kukushikia.

Simu: vilimani mtandao unapotea kabisa, kwahiyo shusha ramani ofulaini na mwachie mtu njia yako pamoja na saa ambayo asipokusikia aanze kukutafuta. Saa kamili, sio "jioni". Masikioni usiweke spika zote mbili, sheria ya California inakataza kuziba masikio yote mawili ukiwa unaendesha, na we mwenyewe unahitaji kusikia lori linalokuja nyuma.

Na mvinyo wenyewe. Kuendesha baiskeli umelewa barabarani ni kosa kule, faini inafika dola 250, lakini kinachonisumbua mimi zaidi ni ule mteremko unaokungoja na jua na mwili uliokauka, glasi moja inafanya kazi ya tatu. Chagua sehemu moja ya kuonja, iwe mwisho wa safari, baiskeli ikishaegeshwa. Sehemu nyingi wana chombo cha kutemea mvinyo ukishauonja na hakuna anayekushangaa ukikitumia. Ukipenda kununua, ulizia kama wanakusafirishia, chupa mbili mgongoni zinakuyumbisha kwenye kona.