Eko ya moyo wa mtoto: usihame nchi bila picha zake

Tulipohama Ujerumani kwenda Uingereza tulibeba hata sufuria la pilau. Tukasahau CD ya eko ya mwanetu, aliyezaliwa na tundu moyoni. Daktari mpya akauliza, "Mwaka jana tundu lilikuwa milimita ngapi?" Mimi na mama watoto tukabaki tunatazamana.

Eko ni ultrasaundi ya moyo, yaani picha zinazopigwa kwa mawimbi ya sauti. Haina mionzi wala maumivu, ni ile jeli tu ya baridi. Inaonyesha kuta na vali (vilango vya damu vya moyo), na kwa Dopla, sehemu yake inayopima mwendo wa damu, inaonyesha damu inapita wapi na kwa kasi gani. Kutokana na kasi hiyo hukadiriwa presha ndani ya vyumba vya moyo. Tundu dogo kwenye ukuta wa vyumba vya chini mara nyingi hujiziba lenyewe, basi daktari hufuatilia tu. Lakini atajuaje kama linapungua, bila kipimo cha nyuma?

Kwa hiyo kila baada ya eko omba ripoti na picha zenyewe. Ripoti ikiwa ya Kijerumani, tafuta mfasiri kabla ya safari. Ukienda likizo Dar nayo ibebe: Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, inatibu watoto wenye matatizo haya.

Mjamzito aliye Uingereza hupimwa wiki ya 18 hadi 20, na moyo wa mtoto huangaliwa. Kama una kisukari, au wewe, baba wa mtoto au mtoto wenu mwingine alizaliwa na tatizo la moyo, sema mapema ili upangiwe eko maalumu ya mtoto aliye tumboni. Sisi tuna tabia ya kuficha mambo ya ukoo, hapa usifiche. Mkalimani ni bure katika hospitali za NHS (huduma ya afya ya umma ya Uingereza), usimtwishe binti yako wa darasa la nne kazi hiyo.

Kwa mtoto mdogo, beba katuni kwenye simu, maana akilia na kujinyonganyonga picha hazitoki vizuri. Akipangiwa dawa ya usingizi, uliza aache kula saa ngapi.

Na aliyefanyiwa upasuaji? Ndugu watasema ameshapona. Ila aliyerekebishwa tetralojia ya Fallot (kasoro nne za moyo anazozaliwa nazo mtoto kwa pamoja) anaweza kuvuja vali ya kupitisha damu kwenda mapafuni na kuhitaji nyingine miaka mingi baadaye, huku akicheza mpira kama wenzake. Wengi hupotelea kwenye umri wa miaka 18, wanapotoka kliniki ya watoto. Kabla hajaagwa huko, hakikisheni mna tarehe ya kliniki ya watu wazima mkononi.