Namna ya Kukabiliana na Joto Kali Katika Madarasa Yasiyo na Viyoyozi

Darasa lisilo na kiyoyozi hupozwa alfajiri, si saa saba mchana. Kuta na sakafu zilizolimbikiza joto mchana kutwa hulitoa polepole usiku, na madirisha yakibaki yamefungwa hadi wanafunzi wanapofika, joto la jana ndilo wanalolikuta. Kwa hiyo mlinzi au mwalimu wa zamu akabidhiwe jukumu la kufungua madirisha mapema iwezekanavyo, na yale yenye nondo yaachwe wazi usiku kucha ikiwa usalama unaruhusu. Yafunguliwe ya pande zote mbili zinazotazamana, kwa kuwa upepo hauingii vizuri mahali usipopata pa kutokea. Matundu ya juu ya ukuta, ambayo aghalabu huzibwa kwa makaratasi ili kuzuia vumbi, ndiyo yanayoitoa hewa ya moto inayopanda, hivyo yazibuliwe.

Jua likishachomoza, kazi ni kulizuia lisifike dirishani: upande wa mashariki asubuhi, wa magharibi alasiri. Pazia la ndani husaidia kidogo tu, kwa sababu miale inapoligusa imekwisha kuingia darasani. Turubai au mkeka ulioning'inizwa nje, pakiachwa nafasi ya hewa kupita, hufaa zaidi. Paa la mabati lisilo na dari huwaunguza wanafunzi vichwani hata upepo ukiwapo. Shule yenye fedha kidogo za ukarabati ingeanzia hapo, kwa kuyapaka mabati rangi nyeupe inayorudisha miale na kisha kuweka dari, kabla ya kufikiria feni.

Feni haipozi hewa. Hukausha jasho, na kukauka huko ndiko kunakoupoza mwili. Hewa inapozidi 40°C, feni huweza hata kuuongezea mwili joto. Afadhali wanafunzi wajipanguse uso, shingo na mikono kwa kitambaa chenye maji.

Mitihani, masomo mazito na michezo vipangwe asubuhi, na tai na sweta zivuliwe bila mjadala. Kila mwanafunzi awe na chupa ya maji juu ya dawati na anywe bila kuomba ruhusa, kwani anayesubiri kiu imzidi huwa amekwisha kupungukiwa. Hata hivyo, wapo wanaojinyima maji kwa makusudi ili wasiende kwenye vyoo vichafu, na kwa hao mawaidha hayafui dafu mpaka vyoo visafishwe. Mwalimu awajue pia wanafunzi wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, maana upungufu wa maji unaweza kuwaamshia maumivu makali.

Mwanafunzi anayelalamika kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, huku akitokwa na jasho jingi, apelekwe kivulini, alazwe, miguu iinuliwe kidogo, na anyweshwe maji kidogo kidogo. Akianza kuropoka, kuchanganyikiwa, kupata degedege au kuzimia huku mwili ukiwa wa moto, hiyo ni dharura inayoweza kuua: msaada wa tabibu uitwe mara moja, na wakati ukisubiriwa avuliwe nguo za juu, amwagiwe maji mwili mzima na apepewe mfululizo, wala asinyweshwe chochote maadamu hajitambui.