Programu ya wavuti kugoma kuwaka umeme ukirudi (somo)

Wakuu, umeme ukikatika usiku hapa Kigoma, asubuhi simu ya kwanza hutoka Kibirizi: "Fundi, mfumo haufunguki." Ni mfumo wa kuandikisha magunia ya dagaa: programu ya Node.js (JavaScript ya upande wa seva) kwenye mashine moja, hifadhidata ya PostgreSQL kwenye ya pili.

Hatua ya 1: usiguse msimbo wa programu, soma logi (kumbukumbu za mfumo). `journalctl -u dagaa -n 50`. Tafuta kosa la kwanza. Yanayofuata mara nyingi ni watoto wake. ECONNREFUSED ni kwamba umebisha hodi poti 5432 (mlango wa PostgreSQL), hakuna aliyeitika. EADDRINUSE, poti imekaliwa, aghalabu na nakala yako mwenyewe uliyosahau kuizima.

Hatua ya 2: kagua mipangilio kabla ya yote. DATABASE_URL (anwani ya hifadhidata) ikikosekana, programu iitaje kwa jina kisha ijizime. Mimi nililimeza kosa ndani ya `catch` (sehemu ya kunasa makosa) tupu. Programu ikaonekana hai, kumbe maiti.

Hatua ya 3: unganisha hifadhidata kwanza, `app.listen` (inayoanza kupokea watumiaji) ije mwisho.

Hatua ya 4, iliyonitesa. Umeme ukikatika ghafla, PostgreSQL ikiwaka hujiganga kwanza na kufukuza wageni kwa kosa 57P03. Kwenye faili la huduma la systemd (msimamizi wa kuwasha programu kwenye Linux) nilikuwa na `Restart=on-failure`, yaani iwashe tena ikianguka, nikadhani nimemaliza. Kumbe systemd, usipoielekeza, huwasha tena baada ya milisekunde 100, na ikishawasha mara 5 ndani ya sekunde 10 inanawa mikono. Hifadhidata inapona, programu imeshakatiwa tamaa! Weka `RestartSec=5`.

Maswali

*Mkuu, si ungeweka tu `After=postgresql.service`?*
Ingefaa vyote vikiwa mashine moja. Systemd ya huku haijui ya mashine ya pili.

*Huku Nzega wateja wakiona kosa 502 (seva ya mbele haipati jibu la programu) wanadhani bando limeisha. Wanunua jingine!*
Poleni, ha ha. Kwenye nginx (seva ya mbele) tumia `error_page 502 /subiri.html`, uwaandikie Kiswahili cha kueleweka. Logi usiwaonyeshe, huenda ina nywila.

*Na nywila ikiwa ndiyo mbovu, si itazunguka milele?*
Swali zuri, nililiruka. Hiyo ni 28P01, haiponi kwa kusubiri. Ukiikuta, toka kwa `process.exit(78)`, na kwenye faili la huduma weka `RestartPreventExitStatus=78`. Itatulia imezimika mpaka uje kuirekebisha.